Mapato Yagawanywe, Mpaka Usubiri

Msafiri anayetoka Mombasa kwenda Nairobi kwa barabara hupita Mackinnon Road, kituo kilichokua kando ya reli ya zamani na kinachojulikana kwa msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali. Madereva na abiria wengi husimama hapo kuzuru na kuomba dua. Pana biashara ya mifugo, maduka, vibanda vya chakula na malori yanayopumzika. Pana pia mvutano wa kaunti mbili, Kwale na Taita Taveta, uliodumu kwa sehemu kubwa ya maisha ya ugatuzi. Kila upande una nyaraka zake za tangu enzi za ukoloni na wazee wake walio tayari kutoa ushahidi, na kila upande unautaka ushuru wa mahali pale pale.

Mackinnon Road haiko peke yake. Makueni na Taita Taveta zinabishania Mtito Andei. Vihiga inadai Maseno, mji ambao Kisumu inauhesabu kuwa wake. Kisumu na Kericho zinatazamana kwa jicho kali Sondu, ambako mwaka 2023 ugomvi uligharimu maisha ya watu. Isiolo na Meru zina mzozo mrefu wa mpaka, na uwanja wa ndege wa Isiolo wenyewe umekalia kaunti zote mbili: jengo la abiria liko upande mmoja, na njia ya kurukia ndege inaingia upande wa pili.

Katika mizozo hii tumechanganya maswali mawili. La kwanza ni mstari unapita wapi. La pili ni nani atoze ushuru, nani azoe taka, nani amlipe muuguzi wa zahanati, na fedha zigawanywe vipi wakati swali la kwanza halijajibiwa. Swali la kwanza lina mlango mmoja tu kikatiba, na mlango huo ni mwembamba. La pili linaweza kujibiwa kwa upatanishi na usuluhishi katika mwaka mmoja wa fedha, kwa sheria zilizopo tayari. Kosa letu ni kuliacha la pili lioze tukingoja la kwanza, na wanaolipia kungoja huko ni wachuuzi, wafugaji na wagonjwa wa maeneo ya mpakani.

Mstari uliorithiwa

Kaunti 47 za Kenya zilifuata wilaya zilizotambuliwa na Sheria ya Wilaya na Mikoa ya 1992. Mipaka ya wilaya hizo nayo ilibeba urithi wa nyuma zaidi, ikiwemo kazi ya tume ya mipaka ya majimbo ya mwaka 1962 na mistari ya watawala wa kikoloni. Mingi ilielezwa kwa maneno: kufuata mto fulani, kupanda hadi kilima fulani, kushuka hadi kwenye reli. Lakini mto huhama, na kilima kinaweza kuwa na majina mawili kwa jamii mbili.

Zamani utata huo haukuuma sana. Mabaraza ya miji na ya wilaya yalikuwepo na yalitoza ushuru, lakini maamuzi makubwa yalitoka Nairobi. DC wa huku na DC wa kule walikuwa watumishi wa serikali moja, na barua moja kutoka kwa mkuu wa mkoa ilitosha kuwatuliza. Machi 2013, ugatuzi ulipoanza, hali ikageuka. Mstari ule ule uliotenganisha watumishi wa bosi mmoja sasa ulitenganisha serikali mbili zilizochaguliwa, kila moja ikiwa na bunge lake, bajeti yake, basari zake za wanafunzi, ajira zake na hospitali zake. Mpaka ukawa na thamani ambayo haukuwahi kuwa nayo.

Hebu tuitazame thamani hiyo kwa makini, maana hapo ndipo ufumbuzi ulipo. Wanasiasa husema wanapigania ardhi ya wananchi kwa sababu ukubwa wa kaunti huleta mgao mkubwa wa fedha za kitaifa. Ukweli ni kwamba katika kanuni zote tatu za kwanza za kugawa mapato kati ya kaunti, ukubwa wa ardhi ulipewa uzito wa asilimia 8 pekee, tena ukigawanywa kwa nchi nzima. Kituo cha biashara chenye maduka mamia kadhaa hakibadilishi mgao huo kwa kiasi cha maana. Kinacholeta fedha katika kituo kama Mackinnon Road au Maseno ni leseni za biashara, ushuru wa soko, ada za kuegesha magari, ushuru wa mchanga na mawe, na kodi za mashamba na viwanja. Haya yote ni mapato yanayohesabika kila jioni. Na fedha zinazohesabika, tofauti na heshima na historia, zinaweza kugawanywa.

Mlango wa kuubadilisha mpaka wenyewe umewekwa katika Kifungu cha 188 cha Katiba. Kwanza Bunge liunde tume huru, na tume hiyo ipendekeze mabadiliko. Kisha Bunge la Taifa liyapitishe kwa theluthi mbili ya wabunge wote, na Seneti kwa theluthi mbili ya wajumbe wote wa kaunti. Kwa hesabu ya leo hao ni wabunge 233 kati ya 349, na kaunti 32 kati ya 47. Mbunge wa Turkana au wa Lamu hana sababu kubwa ya kutoa kura yake kwa ajili ya soko la Sondu, na anajua kwamba akiufungua mlango huo kwa wenzake, mpaka wa kwao utafuata. Tangu ugatuzi uanze hakuna kaunti iliyobadilishwa mpaka kwa njia hiyo.

Wapo wanaodhani Tume ya Uchaguzi na Mipaka itawamalizia kazi. Haiwezi. Mamlaka yake chini ya Kifungu cha 89 ni juu ya maeneobunge na wadi. Seneta wa Taita Taveta, Jones Mwaruma, alitambua pengo hili akawasilisha Mswada wa Mipaka ya Kaunti, alioufikisha tena katika Seneti mwaka 2023, ili kuwe na utaratibu wa kuunda tume na hatua ya upatanishi kabla yake. Ni juhudi ya kupongezwa. Hata hivyo, sheria nzuri kiasi gani haiwezi kuzipunguza zile kura 233 na 32. Anayeahidi wapiga kura wake kwamba mpaka utasogea kabla ya uchaguzi ujao anaahidi jambo lisilo mikononi mwake.

Sheria inayolala kabatini

Kwa swali la pili mambo ni tofauti kabisa. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaziamuru serikali zinazozozana zifanye kila juhudi ya busara kumaliza mzozo, na kinaagiza sheria itungwe kuweka njia za mazungumzo, upatanishi na usuluhishi. Sheria hiyo ipo: Sheria ya Mahusiano baina ya Serikali, namba 2 ya mwaka 2012. Kwa wasioijua, inaeleza safari yenye vituo vinne.

Kituo cha kwanza ni mazungumzo ya moja kwa moja kwa nia njema, au kupitia mtu wa kati. Yakishindikana, upande wowote unaweza kutangaza rasmi kwamba kuna mzozo na kuupeleka kwa Baraza la Magavana, au kwa kikao kikuu cha Rais na magavana, au kwa chombo kingine kilichoundwa na sheria hiyo. Kituo cha tatu kina saa inayohesabu: ndani ya siku 21 chombo kilichopokea mzozo lazima kiitishe kikao, kibaini hasa nini kinabishaniwa na nini hakibishaniwi, na kitaje njia ya kuumaliza nje ya mahakama. Yote yakigonga mwamba, ndipo upande unaweza kwenda kwa msuluhishi au kortini.

Tuelewane juu ya vyeo hivi viwili. Mpatanishi hana hukumu. Anawaketisha wahusika, anawasikiliza pamoja na faraghani, anawasaidia kuona maslahi yaliyo nyuma ya madai, na mkataba ukipatikana ni wao walioufanya. Msuluhishi ni kama jaji waliyemchagua wenyewe: anapokea ushahidi, anatoa uamuzi, na chini ya Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 1995 uamuzi huo hauwezi kufutwa na mahakama ila kwa sababu chache zilizotajwa. Mpatanishi anafaa pale uhusiano unapotakiwa kuendelea. Msuluhishi anafaa pale lililobaki ni hesabu au tafsiri ya mkataba.

Kikomo cha wote wawili ni kimoja, na wengi hukisahau. Hakuna mpatanishi wala msuluhishi anayeweza kuhamisha mpaka wa kaunti. Kaunti mbili hata zikipeana mkono mbele ya kamera, mkataba wa kusogeza mstari ni karatasi tupu bila Kifungu cha 188. Kwa hiyo kila upatanishi unaoanza kwa swali la mpaka uko wapi huanza mahali ambapo hauna uwezo wa kufika mwisho. Ndiyo maana mikutano mingi ya magavana majirani imeishia katika picha na taarifa kwa vyombo vya habari.

Afrika Kusini, ambayo katiba yake ilikuwa kielelezo kwa waandishi wa katiba yetu, iliifundisha serikali yake mapema somo la kuzungumza kabla ya kushtakiana. Mwaka 2002 shauri la manispaa tatu za wilaya, ikiwemo uThukela, lilifika Mahakama ya Katiba baada ya manispaa hizo kulalamikia sheria ya kugawa mapato. Mahakama ilikataa kuuthibitisha uamuzi wa korti ya chini uliozipa ushindi, na kusisitiza kwamba vyombo vya serikali vina wajibu wa kujaribu kwa dhati kumaliza tofauti zao kabla ya kubisha hodi mahakamani. Miaka 3 baadaye nchi hiyo ilitunga sheria maalumu ya mahusiano ya serikali, ya mwaka 2005. Jirani zetu wa Tanzania nao, katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, waliweka nafasi ya mpatanishi pale vijiji viwili vinaposhindwa kukubaliana mpaka. Kila mahali mantiki ni moja: majirani wa kudumu wapewe kwanza nafasi ya kusemezana.

Gavana hauzi shamba lake

Upatanishi wa serikali mbili si sawa na upatanishi wa ndugu wawili wanaogombea kiwanja cha marehemu baba yao. Ndugu wakikubaliana, wamemaliza. Gavana akikubali, hajamaliza, kwa sababu anachojadili si mali yake. Ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti inashikiliwa kwa amana ya wakazi. Mapato ya kaunti huingia katika hazina ambayo haitolewi hata shilingi bila sheria ya bunge la kaunti. Na wananchi wana haki ya kushirikishwa katika jambo linalowagusa.

Hapo hutokea hatari mbili. Ya kwanza ni gavana kuingia chumbani bila ruhusa ya wazi. Anakubali jambo la busara, anarudi nyumbani, madiwani wanamwita msaliti, anageuka. Ya pili ni kinyume chake: wakubwa wanakubaliana kimyakimya, na wakazi wanasikia habari kwenye redio. Yaliyowapata watu wa Khutsong nchini Afrika Kusini yatuonye. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yaliuhamisha mji wao, pamoja na manispaa yao ya Merafong, kutoka mkoa wa Gauteng hadi North West, kinyume na matakwa ya wengi wao. Yakafuata maandamano, kugomea uchaguzi, shule kufungwa na mali kuchomwa, hadi mwaka 2009 katiba iliporekebishwa tena kuwarudisha Gauteng. Uamuzi ulipitia hatua zote za kisheria, ukapungukiwa na ridhaa ya waliohusika.

Kwa sababu hiyo upatanishi wa kaunti unahitaji maandalizi ambayo upatanishi wa kibiashara hauyahitaji. Kila gavana aje na idhini ya maandishi kutoka kwa bunge lake, inayosema mipaka ya anachoweza kukubali. Wakili wa kaunti na waziri wa fedha wa kaunti wawe mezani. Wakazi wa eneo lenyewe wasikilizwe na mpatanishi mahali wanapoishi, kwa lugha zao, kabla ya magavana kukutana. Wafanyabiashara wa soko wawe na wajumbe waliowachagua wenyewe. Mazungumzo ya ndani yanaweza kubaki siri ili watu waseme kwa uhuru, lakini mkataba uliotokana nayo uchapishwe wote na ujadiliwe hadharani kabla ya kutiwa sahihi.

Ni nani awe mpatanishi? Sheria inalipa Baraza la Magavana nafasi, na ni vema. Lakini baraza hilo ni la wenzao. Mwenyekiti wake leo anampatanisha mtu ambaye kesho atahitaji kura yake, na huenda naye ana mzozo wa mpaka nyumbani. Kamati ya kiufundi ya mahusiano ya serikali, inayofahamika kwa herufi IGRTC, ina wataalamu lakini haina uwezo wa kumlazimisha mtu. Baraza liitishe kikao cha siku 21 kama sheria inavyotaka, kisha limkabidhi kazi mpatanishi wa nje anayekubaliwa na pande zote mbili, asiyetoka katika kaunti yoyote jirani, huku IGRTC ikiwa karani na mtunza kumbukumbu. Na mpatanishi asigeuke kuwa msuluhishi wa mzozo huo huo. Mtu akijua kwamba anayemweleza udhaifu wake leo ndiye atakayemhukumu kesho, hatamwambia kitu.

Funzo la Ndakaini

Anayetilia shaka kwamba kiini ni mapato na aangalie mzozo usio na mpaka wowote ndani yake. Bwawa la Ndakaini liko Murang'a na hakuna anayelipinga hilo. Lilikamilika mwaka 1994, linabeba maji ya mita za ujazo milioni 70, na ndilo tegemeo kubwa la wakazi wa Nairobi. Gavana wa kwanza wa Murang'a, Mwangi wa Iria, alidai kaunti yake ipewe asilimia 25 ya mapato yanayotokana na maji hayo. Dai hilo lilizua maneno makali, na wakazi wa mji mkuu wakaanza kuhofia mifereji yao.

Mstari wa mpaka ulikuwa wazi kama mchana, lakini mzozo ulikuwepo. Kisa ni kwamba kijiji kilicho juu ya bwawa hakikuona faida ya maji yanayoteremka kwenda kuuzwa mjini, na mji haukuona sababu ya kulipia kitu ambacho ulikuwa ukikipata tangu kabla ya ugatuzi. Madai ya pande zote mbili, asilimia 25 kwa huyu na sifuri kwa yule, hayakutani. Maslahi yao hukutana vizuri. Nairobi inahitaji uhakika wa maji safi yasiyojaa tope. Murang'a inahitaji maji kwa watu wake, barabara na malipo kwa wakulima wanaotunza miteremko. Mfuko wa maji wa Upper Tana-Nairobi, ulioanzishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba watumiaji wa chini wanaweza kuwachangia wakulima wa juu ili udongo usibebwe na mvua hadi mabwawani, na pande zote zikafaidika. Hiyo ndiyo kazi ya mpatanishi: kutoka katika dai linalotamkwa hadi haja iliyo nyuma yake.

Ikiwa mpaka ulio wazi haukuzuia mzozo wa Ndakaini, basi hata mpaka wa Maseno ukichorwa kesho kwa kamba na nguzo za zege, mzozo wa Maseno hautakwisha. Mchuuzi anayelala Luanda, upande wa Vihiga, na kuuza Maseno bado atataka choo cha soko, taa na risiti moja.

Mkataba unaowezekana

Nieleze basi ninachokusudia kwa mahali kama Mackinnon Road, ili isionekane ni nia njema tu.

Kaunti mbili ziunde mamlaka ya pamoja ya eneo linalobishaniwa. Katiba inaruhusu waziwazi: Kifungu hicho hicho cha 189 kinasema serikali za kaunti zinaweza kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Mamlaka hiyo itoe leseni moja na risiti moja, inayotambuliwa na askari wa kaunti zote mbili. Kuwatoza watu mara mbili si kero tu, ni jambo linalogongana na Kifungu cha 209, kinachokataza kaunti kutumia uwezo wa kutoza kodi kwa namna inayoumiza shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti. Mfugaji anayepitisha mbuzi kumi ana Katiba upande wake.

Kisheria kuna kizingiti kimoja ambapo wanaoandika mikataba hii hujikwaa. Kifungu cha 207 kinataka fedha zote zinazokusanywa kwa ajili ya kaunti ziingie katika hazina yake ya mapato. Akaunti ya pamoja isiyo ya kaunti yoyote ingezua maswali ya wakaguzi. Dawa yake ni kuzigawa fedha mahali zinapokusanywa: malipo yafanywe kwa simu au kadi, na mfumo uyapeleke moja kwa moja katika hazina mbili kwa uwiano uliokubaliwa. Hapo hakuna anayeshika fedha ya mwenzake, na mkaguzi anaona kila shilingi ilikokwenda.

Uwiano wenyewe usiwe nusu kwa nusu kwa sababu tu ni rahisi. Ufuate huduma. Kaunti inayolipa wauguzi, inayozoa taka na inayotunza kisima ipate zaidi. Hapo ndipo mashindano ya magavana yanageuka kuwa faida kwa wakazi: anayetaka sehemu kubwa ya mapato aongeze huduma. Sehemu fulani itengwe kabisa kwa ajili ya soko na maji ya eneo lile lile, ili wakazi waone mkataba kwa macho yao.

Ubishi wa uwiano ukishindikana katika upatanishi, hiyo ni kazi halali ya msuluhishi, na iko njia inayofupisha safari. Kila kaunti iandike pendekezo moja la mwisho, na msuluhishi achague moja kati ya mawili bila kuyachanganya. Baadhi ya majimbo ya Marekani yametumia utaratibu huu katika mivutano ya mishahara ya polisi na wazima moto. Nguvu yake ni kwamba anayetia chumvi hupoteza yote, hivyo kila upande huja na pendekezo lenye busara, na mara nyingi mapendekezo hayo husogeleana mpaka msuluhishi akabaki bila kazi.

Mwisho, mkataba uwe na muda, tuseme miaka 5, wenye tarehe ya kupitiwa upya isiyoangukia mwaka wa uchaguzi. Uridhiwe na mabunge yote mawili ili gavana ajaye asiseme ulikuwa wa mtangulizi wake. Na utaje mapema ni nani atakayesuluhisha mvutano utakaozuka ndani yake, jambo ambalo Sheria ya mwaka 2012 tayari inalitaka katika kila makubaliano ya serikali.

Wanaopinga wana hoja

Pingamizi la kwanza ni zito: ukikubali kugawana mapato, umekubali kwamba mwenzako ana haki, na kesho atautumia mkataba huo mbele ya tume ya mipaka kama ushahidi. Hofu hii ni ya kweli na ina jibu la kisheria. Mkataba uandikwe kwamba hakuna chochote ndani yake, wala kitakachofanywa chini yake, kitakachotumiwa kuthibitisha au kudhoofisha dai la upande wowote juu ya mpaka. Kila kaunti inabaki na nyaraka zake na wazee wake, kwa siku ambayo tume itaundwa.

Pingamizi la pili ni kwamba upatanishi hutumiwa kupoteza muda. Kweli, hutumiwa hivyo. Ndiyo maana zile siku 21 lazima ziheshimiwe, na baada yake mpatanishi apewe muda unaojulikana, mathalani miezi 3, kisha yaliyobaki yaende kwa msuluhishi bila kuomba ruhusa mpya. Mazungumzo yasiyo na tarehe ya mwisho humfaidi anayekusanya ushuru kwa sasa, na huyo hana sababu ya kuyamaliza.

La tatu linagusa damu. Sondu, na maeneo ya Kapedo kati ya Turkana na Baringo, watu wameuawa. Je, mtu anayezika mwanawe aambiwe habari za uwiano wa leseni? Hapana. Usalama na haki kwa waliouawa vinatangulia, na hiyo ni kazi ya serikali ya kitaifa ambayo upatanishi wa kaunti hauwezi kuibeba. Wauaji hawasuluhishwi, hushtakiwa. Lakini baada ya bunduki kunyamaza, soko linafunguliwa tena, na swali la nani anatoza ushuru wake linarudi pale pale lilipokuwa. Likiachwa wazi, linabaki tayari kwa yeyote anayetaka kuwasha upya. Kaunti za Baringo, Laikipia, Samburu na Isiolo zilipoungana katika mpango wa Amaya kushirikiana juu ya malisho, masoko na usalama, zilikiri kwamba amani isiyo na riziki ya pamoja haidumu.

Kuna pingamizi la nne ambalo halisemwi kwa sauti: mpaka unaobishaniwa ni mtaji wa kisiasa. Kiongozi aliyeshindwa kujenga hospitali anaweza bado kushangiliwa akisema atarudisha ardhi ya mababu. Hapa sheria haina dawa, na wapiga kura wanayo. Wamuulize swali moja: katika miaka ambayo umepigania mstari huu, mchuuzi wa pale amepata nini?

Kila mwaka kaunti hutunga sheria yake ya fedha, inayosema nani alipe nini na wapi. Hakuna kinachozizuia Kwale na Taita Taveta, au Kisumu na Vihiga, kuweka kifungu kimoja chenye maneno yale yale katika sheria zao mbili: kwamba katika eneo linalobishaniwa, risiti ya upande mmoja inatosha upande wa pili hadi mkataba wa kugawana utakapotiwa sahihi. Kifungu hicho hakihitaji tume, wala wabunge 233, wala mpima ardhi. Kinahitaji magavana wawili na madiwani wa mabunge mawili walioamua kwamba mwananchi wa mpakani asilipe mara mbili kwa mzozo ambao hakuuanzisha. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na miswada hiyo huletwa kwa maoni ya umma kabla ya kupitishwa. Wakazi wa mpakani wahudhurie vikao hivyo, pande zote mbili, wakiwa na ombi moja la maandishi.